Kefa na Wimbo wa Sina Mahali

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nyanda za Juu Kusini, wenye redio na wanaosikilizia dirishani kwa jirani, kwamba Jumapili ya pili ya mwezi Machi mwaka 1996, msanii Kefa Nyagawa, mtunzi, mwimbaji, mpiga gitaa na mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, atafanya ziara yake ya kwanza nje ya mji. Ziara itakuwa ya kilomita sitini, kutoka Njombe hadi Makambako. Msafara utakuwa na gari moja, Isuzu la viazi, na msanii atakaa juu ya viazi. Heshima zote zinazostahili zimeandaliwa, isipokuwa zile zinazohitaji watu, fedha au maandalizi.

Msanii mwenyewe hakulisikia tangazo hilo, kwa kuwa alikuwa kwenye mianzi. Mwanzi wa ulanzi ni kama mtoto mchanga: asubuhi uutazame, jioni uutazame. Unachonga ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, unafunga mbeta chini yake ili utomvu udondokee humo, na ukikosa kuuchonga jioni moja tu mwanzi unanuna, unajiziba, ndiyo basi mpaka masika mengine. Hivyo mgema hasafiri mvua zikiwepo. Kefa alikuwa hajalala nje ya kwake wakati wa masika kwa miaka kumi na moja. Nyimbo zake zote alizitungia humo, kati ya chonga na chonga, na ndiyo maana zote zina mwendo wa tone linalodondoka: polepole, halafu polepole zaidi.

Mkewe, Emerensiana, mwanamke wa Kikatoliki aliyekubali kuolewa na Mlutheri kwa sharti la kutokuombewa kwa sauti, ndiye aliyesema atabaki akachonge mianzi. Alijua vizuri wimbo ule ulioombwa Makambako ulitungiwa nani. Hakuuonea wivu. Aliuhesabu kama kikohozi cha zamani cha mumewe, ambacho huanza mvua zikianza.

"Nenda ukamwimbie," akamwambia huku ananoa kisu. "Ila Jumatatu uwe hapa. Mianzi haijui mapenzi."

Aliyekuwa anakwenda kuimbiwa aliitwa Lucia, na habari yake ilianza mwaka 1983. Kefa alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye gitaa, na baba yake Lucia, Mzee Elius, alikuwa mzee wa kanisa mwenye baridi ya magoti. Mzee akataja mahari: mbuzi watatu, jembe, na blanketi mbili mpya, moja yake na moja ya mama yake mzazi. Mbuzi walikuwepo. Jembe lilikuwepo. Blanketi mbili mpya, mwaka ule, ni kama angeomba apunguziwe mwezi kipande. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, rafu na karani. Watu walipanga foleni bila kujua ya nini, na wakifika mbele wanaambiwa kimekwisha, wanarudi nyumbani wameridhika kwamba angalau kilikuwepo.

Kefa akatafuta Njombe. Akatafuta Mbeya. Akafika mpakani Tunduma, na huko akampata mtu wa Zambia mwenye blanketi mbili za kijivu zenye mstari mwekundu, mtu aliyekuwa anapenda muziki. Gitaa likavuka mpaka, blanketi zikaingia nchini. Kefa akarudi kwa miguu na kwa malori, na alipofika kwa Mzee Elius alikuwa amechelewa wiki mbili. Alikuwa amepita mfanyakazi mmoja wa reli ya TAZARA, kijana wa Ifakara aitwaye Clemens, akiwa na blanketi nne alizozitoa huko treni inakotoka. Mzee Elius alimpokea Kefa mlangoni, hakumkaribisha ndani, akamwambia arudi na mzigo wake. Kefa hakumwona Lucia. Wiki iliyofuata akasikia wamempeleka Makambako, kwenye nyumba za stesheni.

Blanketi zile ndizo ambazo Emerensiana amekuwa akijifunika mpaka leo. Ni nzito, anasema, na zinatunza joto.

Ndipo Kefa akatunga wimbo. Na hapa inabidi jambo moja lisemwe wazi, kwa heshima zote. Ulimi wa Njombe na herufi ile inayotetemeka havijawahi kupatana. Mtu wa Njombe halisi anapanda loli, anasikiliza ledio, na siku ya uchaguzi anakwenda kupiga kula. Kwa hiyo Kefa, aliyetaka kuilalamikia dunia kwamba hana mahari, aliimba:

*Sina mahali, ewe wangu, sina mahali,*
*Baba kaniuliza, sina mahali,*
*Nimetafuta Njombe, nimetafuta Mbeya,*
*Dukani ni chumvi tu, sina mahali.*

Njombe nzima ilielewa. Kulikuwa na ubeti wa mwisho pia, ule wa blanketi kupatikana na mlango kufungwa, na kwa Kefa huo ndio uliokuwa wimbo wenyewe. Nyingine zilikuwa njia ya kuufikia.

Mwaka 1995, kwenye harusi moja mjini, dereva aitwaye Mudy aliweka redio kaseti yake juu ya meza ya soda akamrekodi. Kaseti ilikuwa fupi. Ilikatika na mlio wa *tak* mara tu baada ya "Dukani ni chumvi tu" ya tatu, na ubeti wa mwisho ukabaki hewani Njombe. Mudy akaipiga kaseti hiyo kila safari ya viazi, na Makambako akaisikia Seleman, mfanyabiashara wa Kondoa aliyekuwa na stoo ya mitumba, kibanda cha kaseti na jenereta. Seleman akaitoa nakala mia, akaandika kwa mkono wake mzuri wa madrasa juu ya kila moja: SINA MAHALI.

Basi Makambako, mji wa njia panda ambao nusu ya watu wake walikuwa wanakwenda kwingine wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, ukaupata wimbo wake. Mchaga wa vipuri, Mkinga wa duka, Msambaa wa hoteli, madereva wa Zambia: kila mtu aliyelala chumba cha kupanga akiisikiliza treni aliona Kefa amemwimba yeye. "Baba kaniuliza" ni baba mwenye nyumba. "Dukani ni chumvi tu" ni biashara imekufa. Walilia nao, wakanywea nao, na mmoja aliugua malaria nao.

Kefa hakuyajua hayo. Alichojua, kwa maneno ya Mudy, ni kwamba Seleman anamwita aje aimbe ukumbini Jumapili saa tisa alasiri, na kwamba watu wa nyumba za stesheni huwa hawakosi. Hilo la pili ndilo lililomtoa kwenye mianzi. Kama Lucia ameusikia wimbo, ameusikia kwenye kaseti, na kaseti inasema Kefa hakuwa nayo mahari. Miaka kumi na mitatu yule mwanamke anaishi akijua kuna mtu alishindwa blanketi mbili. Kefa hakutaka kumrudisha, wala hakuwa na mahali pa kumweka. Alitaka asikie ubeti mmoja.

Akapanda juu ya viazi, gitaa lake la pili ndani ya mfuko wa mbolea. Ukungu ulikuwa umelala njiani, miwati na misindano ikitokea na kupotea, na Mudy kila baada ya kijiji anatoa kichwa dirishani kumuuliza kama bado yupo. Yupo, anajibu. Alikuwa anaupitia ubeti wake midomo imeganda. Makambako upepo ulimpokea kama askari wa kizuizi, ukampekua mpaka kwenye soksi.

Seleman alimkaribisha stoo, akamkalisha juu ya belo, akamletea chai ya tangawizi na chapati. Kefa hakuila kwanza. Alikuwa anatazama. Kuta zote nne, toka sakafuni hadi kwenye mabati, zilikuwa blanketi. Za maua, za simba, za mistari, za rangi ambazo hata maua hayana. Zimebanwa, zimefungwa kamba, nyingine zimetumika kuzuia mlango usipigwe na upepo. Akanyoosha mkono akagusa moja, ya bluu. Akaiminya kidogo, kama mtu anavyominya mkono wa mgonjwa. Nchi iliyokuwa haina blanketi ilikuwa imefunguliwa milango, blanketi zikaingia zote kwa pamoja, zimechelewa miaka kumi na mitatu na hazina hata aibu.

Seleman akaanza kumshukuru kwa wimbo. Akamweleza kwamba yeye binafsi umemgusa, kwa kuwa tangu aondoke Kondoa hali yake ni hiyohiyo.

Kefa akashangaa. "Hata wewe, bwana Seleman, ulikosa mahali?"

"Mpaka leo, ndugu yangu."

"Na blanketi zote hizi?"

Seleman aliweka kikombe chini. Alikuwa hajawahi kuambiwa neno zito namna hiyo na mtu mwenye tope kwenye viatu. "Ni kweli," akasema taratibu. "Blanketi si mahali."

Kefa hakumwelewa. Kwao blanketi ilikuwa ndiyo mahari yenyewe, mbuzi walikuwa wa kusindikiza. Akahisi huenda kwa Warangi wa Kondoa wanataka ng'ombe, akamwonea huruma, akala chapati.

Ukumbi ulikuwa zamani ghala la pareto, maua ya dawa ya wadudu, na kwa sababu hiyo ulikuwa ukumbi pekee nchini ambao nzi walikuwa wanaingia wakifa. Ulijaa. Watu walikaa kwenye mabenchi, kwenye magunia, kwenye madirisha. Juu ya jukwaa palikuwa na kitambaa kimeandikwa SINA MAHALI, na Kefa alipokisoma akaona hawakukosea hata herufi moja, maana naye ndivyo alivyoliandika kwenye daftari lake. Jenereta likakohoa, kipaza sauti kikalia, Seleman akakishika.

Akasema kwamba leo wamekutana wote waliotoka makwao. Wasio na mahali pa kulala, mahali pa kulima, na siku ikifika hata mahali pa kuzikwa.

*Pa* ile ya kwanza Kefa hakuishtukia. Ya pili ikamgusa begani. Ya tatu ikamkalisha chini, kwa bahati kulikuwa na kiti. Akakielewa kikombe kilichowekwa chini, akaelewa kaseti mia moja, akawaelewa watu mia tatu wenye macho mekundu waliokuja kumlilia kitu ambacho hakuwahi kukiimba. Akatazama nyuso zile moja moja, akitafuta hata mmoja wa kwao.

Akampata. Benchi la nne, karibu na nguzo, mwanamke mnene kidogo aliyejitanda kanga, pembeni ya mwanamume wa kofia ya reli. Watu wote wa benchi lile walikuwa na huzuni. Yeye alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yanatetemeka, na hakuwa analia. Lucia alikuwa anacheka. Katika ghala zima yeye peke yake alikuwa amesikia mahari.

Kefa akaanza kupiga. Vidole vyenye sugu za kisu vikapata mwendo wa tone, na watu wakamchukua kuanzia neno la kwanza. Waliimba kumzidi. Mwanamume wa kofia ya reli, ambaye hakuwa mwingine ila Clemens, aliimba amefumba macho. Alikuwa amehamishwa stesheni saba kabla ya kuganda Makambako, na kila aliposema "sina mahali" alijipiga kifuani mara moja. Lucia alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anamtazama Kefa kama mtu anavyotazama njia.

Wakafika "Dukani ni chumvi tu" ya tatu. Kefa akavuta pumzi ya ubeti wa mwisho. Na watu mia tatu, waliokuwa wanaujua wimbo ule kutoka kwenye kaseti kuliko mwenyewe aliyeutunga, wakanyamaza pale pale kaseti inapokatika, wengine kwa mzaha wakasema kwa pamoja "tak", wakasimama wakapiga makofi.

Akajaribu. Alikwisha kuanza, *Mahali nimeleta, ewe wangu, blanketi mbili*, lakini Seleman alikuwa ameshachukua kipaza sauti anauliza kama wanataka tena. Walitaka tena. Wengine walikuwa wanabomoa mabenchi kuonyesha wanavyotaka. Kefa akauimba ubeti wote bila kipaza sauti, kwenye makelele yale, *Wiki mbili zimepita, mlango umefungwa, Baba kaniambia, ludi na mzigo wako*, akiwa ameelekea nguzo, mdomo wake ukifunguka na kufungika kama wa samaki wa Nyasa ndani ya beseni. Mtu mmoja tu wa mbele alisikia neno "nimeleta", akamwuliza mwenzake mtu analetaje mahali. Mwenzake akamjibu kwamba ni ushairi.

Wakaurudia wimbo mara nne. Mara zote nne ulikatika palepale.

Jua lilikuwa bado liko juu ya stesheni alipotoka nje na gitaa lake, na upepo ukamkuta tena. Alikuwa anamtafuta Mudy. Alikuwa amejua tayari kwamba atarudi na ubeti wake kama alivyoondoka nao, na kwamba hata hilo amelizoea, maana si mara ya kwanza kurudi na mzigo. Ndipo akashikwa mkono na mtu aliyekuwa anausukasuka kama mpini wa pampu. Alikuwa Clemens, na nyuma yake Lucia.

"Kaka, ule wimbo ni wangu," Clemens akasema. "Niambie ukweli. Hiyo mahali, hukuipata mpaka leo?" Kisha akajisahihisha, maana alikuwa mtu wa Kiswahili safi: "Hukupapata?"

Lucia akasalimia kwa Kibena, *kamwene*, na Kefa akaitikia, na kwa muda kidogo hakuna aliyekumbuka kwamba kuna swali.

"Niliipata," Kefa akasema.

"Nilipapata," Clemens akamfundisha kwa upole.

"Niliipata. Nilichelewa wiki mbili."

Clemens akapiga ulimi. Mambo ya viwanja alikuwa anayajua. Akauliza kama palikuwa pamechukuliwa, na Kefa akasema ndiyo. Lucia hapo akaingia, akamwambia mumewe kwamba huyu ni kaka yao, wa kijiji kimoja, na kwamba habari ile anaifahamu, ilikuwa kwa baba.

"Kumbe ni kwa baba mkwe," Clemens akasema, na uso wake ukajaa uelewa. "Yule mzee alikuwa mgumu kwenye mipaka, Mungu amrehemu. Sasa alimpa nani?"

"Alimpa mgeni mmoja," Kefa akasema.

"Na huyo mgeni, kapatunza?"

Kefa akamtazama Lucia. Aliziona mvi mbili karibu na sikio, kanga mpya, mikono iliyonenepa, kovu dogo la jikoni kwenye kidole. Alikuwa amemtungia wimbo msichana mwembamba na hapa palikuwa na mtu mwingine, aliyeshiba, aliyepita, na moyo wake wala haukujali tofauti hiyo.

"Naona kapatunza," akasema.

Lucia hakuinua macho. Akaongea kwa Kibena, polepole, kana kwamba anauliza habari za wagonjwa wa nyumbani. Kibena cha Clemens, baada ya miaka kumi na mitatu ya ndoa, kilikuwa kinaishia kwenye salamu na kuomba ulanzi. Akamwambia Kefa kwamba siku ile alikuwa jikoni. Ukuta wa jiko ulikuwa na upenyo. Alimwona anakuja, alimwona amesimama mlangoni, aliuona hadi mstari mwekundu wa blanketi, na alimwona anaondoka nazo kichwani. Hakuhitaji kuimbiwa. Kitu alichokuwa hajakielewa miaka yote hii ni kimoja: kwa nini Kefa hakuita. Angeita jina lake mara moja tu, angetoka.

Miaka kumi na mitatu ya masika Kefa alikuwa ameuchonga ubeti wa kumjulisha Lucia kitu, na Lucia alikuwa anakijua kabla ubeti haujatungwa. Treni ya mizigo ikapita nyuma ya nyumba za stesheni, ndefu, na wote watatu wakaingoja iishe.

"Nilidhani hupo," akamjibu kwa Kibena.

Lucia akatikisa kichwa mara moja, akaifunga kanga yake vizuri.

Clemens alikuwa anawatazama ndugu hawa wawili kwa macho ya mtu mwema. Mambo ya nyumbani huuma, alilijua hilo, hata kama hujui maneno. Akamwekea Kefa mkono begani, akakohoa kama mwenyekiti wa mkutano, na akatangaza, mbele ya Makambako yote iliyokuwa inatoka ukumbini, kwamba enzi za kunyimana zimekwisha. Sasa ni ruksa. Yeye Clemens ana viwanja viwili kando ya reli, kimoja anakaa na kimoja hakina kazi, ukuta kwa ukuta, kisima kimoja, na kuanzia leo msanii huyu hatasema tena mbele ya watu kwamba hana mahali. Aje ajenge pale, jirani, asubuhi wanaamkiana, jioni anawaimbia. Watu waliosimama karibu wakaguna kwa kuguswa. Mmoja akavua kofia.

"Nashukuru, shemeji," Kefa akasema. "Mimi nina kwangu."